Kioo cha Paskalina Kwenye Tao

Kiti cha askofu kilifika kanisani kwetu kikiwa kimefungwa blanketi, juu ya lori la kubebea ngano, na vijana wa kwaya wakakishusha taratibu kama wanavyomshusha mgonjwa. Wengi hudhani kanisa kuu huitwa hivyo kwa sababu ya ukubwa wake. Nimefundisha katekisimu maisha yangu yote, na kila mwaka nimewaeleza watoto kwamba sivyo. Ni kwa sababu ya kile kiti. Kanisa la mawe lenye minara miwili, kama halina kiti cha askofu, ni kanisa tu. Na kibanda cha udongo chenye kiti hicho ni kanisa kuu. Nilikuwa nikisema hayo bila kufikiri kwamba siku moja kiti kitaletwa hapa Rhotia, katika kanisa ambalo mikono yangu ilichanganya chokaa yake. Nilikaa kwenye benchi la nyuma nikamshukuru Mungu kimyakimya, kwa sababu kwa umri wangu nikishukuru kwa sauti watu hudhani ninaita msaada.

Nilipokuwa pale, yule binti mhandisi aliyetumwa kutoka Arusha kukagua kuta kabla ya sherehe alinijia, kofia yake ngumu mkononi. Akaniamkia, akasema ameambiwa kwamba mimi nilikuwepo wakati wa ujenzi. Kisha akanyoosha kidole kuelekea lile tao kubwa la mawe linalotenganisha mahali pa waumini na altare. Alikuwa ameona kitu kule juu, kipande chembamba cha kioo kilichobandikwa juu ya ufa mwembamba. Mafundi wa rangi walitaka kukibandua ili tao liwe safi siku askofu atakapokalia kiti chake. Akauliza kama nina neno. Nilimwambia kioo kile si changu. Mwenyewe yuko nyumbani anachambua maharage, na mchana atakuja kuniletea chakula, tumuulize yeye. Akacheka, akidhani ni utani wa wazee, lakini akawaambia mafundi waanze na ukuta mwingine. Nami nikabaki nikilitazama lile tao, na mwaka wote ule ukanirudia.

Nilikuwa nimetoka chuo cha makatekista, na wakati nangojea kupangiwa kigango nilifanya kibarua kwenye ujenzi. Nililala chumba kimoja na Fundi Kasiani, mwashi kutoka kusini, aliyejifunza kazi kwa mabruda waliojenga makanisa huko kwao. Kilikuwa chumba cha nyuma ya nyumba ya padre, nusu yake mifuko ya saruji iliyopangwa hadi dirishani, ili ukungu unaoshuka kutoka msitu wa Ngorongoro usiigandishe. Tulikula unga wa saruji pamoja na ugali, na Kasiani alikuwa akisema ndiyo sababu matumbo yetu hayatikisiki. Ukutani alikuwa amebandika picha alizokata kwenye kalenda za zamani, za makanisa makuu ya Ulaya, na wakati wa kula alizisomesha kama mimi nilivyosomesha katekisimu. Alinionyesha jinsi jengo linavyolala kama msalaba, kichwa mashariki na mlango magharibi. Nilimwambia nyumba za wazee wetu Wairaqw nazo zilielekeza mlango magharibi, kwa ajili ya upepo. Akasema basi wazee wetu walikuwa nusu ya njia.

Jambo lililonishika zaidi ni pale aliponieleza tao. Nilidhani tao ni pambo. Kasiani alisema kila jiwe la tao linataka kuanguka, na kwa kuwa yote yanataka kuanguka kwa pamoja yanabanana, hakuna linalopata nafasi ya kupita. Ndiyo maana kuta za nje zinahitaji nguzo za kuegemea kama mabega, kwa sababu tao husukuma pembeni mchana na usiku. Alinisimulia kwamba makanisa mengine kwenye zile picha yaliporomoka yakajengwa tena, na kwamba katika mengi yao waliochimba msingi hawakuliona paa. Baba alianza, mjukuu akaezeka. Nilimuuliza kama watu hao hawakukata tamaa. Alisema hajui, hawakuacha neno, wameacha kuta. Nimehubiri sana tangu siku zile, na mara nyingi nimeona kwamba yale niliyosema vizuri niliyasikia kwanza mdomoni mwa Kasiani akitafuna maharage.

Mwaka huohuo nilikuwa nimechumbia. Paskalina alikuwa binti wa kijiji cha Kansay, mwenye kucheka kabla hujamaliza kusema, na baba yake, Mzee Tluway, alikuwa mtu wa maneno machache na masharti mengi. Mazungumzo yote yalikuwa yamekwisha isipokuwa sharti moja. Binti yake hatatoka kwake kwenda kunyeshewa. Nyumba iwe imesimama kabla ya masika, la sivyo ningoje mwaka mwingine, na hapo yeye hataweza kuwazuia watu wengine kubisha hodi. Nami nilijua kuna mtu mwenye mashamba ya vitunguu kule Mang'ola aliyekwisha kuanza kupitapita. Kwa hiyo nilikuwa nimekusanya milunda, nguzo ndefu za kujengea, ya mloliondo, mti mgumu ulionyooka, niliyoipata kwa kibali na kuikausha kivulini kwa subira. Ilikuwa ndiyo nyumba yangu, ila ilikuwa imelala chini.

Kisha ikafika zamu ya tao. Tao la mawe haliwezi kujengwa hewani. Kwanza hutengenezwa kiunzi cha mbao chenye umbo la upinde, kikasimamishwa juu ya milunda, na mawe hupangwa juu yake mpaka lile la katikati lifunge. Msitu uliokuwa karibu ulikuwa umefungwa, hakuna mti wa kukatwa. Padre akaomba Jumapili kila mwenye mlunda mzuri aukopeshe. Watu walileta walivyoweza, lakini iliyonyooka na kufikia urefu ule ilikuwa ya kwangu. Nilimuuliza Kasiani itakaa chini ya tao muda gani. Akasema mpaka chokaa ishike, na kwa baridi ya Rhotia, tusiiguse kabla masika hayajaisha. Nilikwenda Kansay kumweleza Mzee Tluway. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaagiza niletewe maziwa mgando, na nilipomaliza kunywa akasema ameelewa. Hakusema ameelewa nini.

Mafundi walipanga mawe tangu Kwaresima ilipoanza. Mchanga uliletwa kwa punda na Lemburis, Mmasai wa upande wa Ngorongoro aliyebatizwa mwaka uliotangulia, na yeye ndiye aliyekuwa akituchangamsha. Alisimama chini ya kuta mikono kwenye fimbo, akatazama juu, akawaambia wazee wetu, "Zamani mlichimba nyumba ndani ya kilima, mkaweka udongo juu, ili sisi tukipita tusiwaone. Sasa mmejenga nyumba ninayoiona nikiwa na ng'ombe wangu kule juu. Mmeacha kuogopa, au mmeuza ng'ombe wote?" Wazee walicheka hadi wakakohoa, kwa sababu ilikuwa kweli. Babu na bibi zetu waliishi chini ya paa la udongo lililooteshwa nyasi, na hapa tulikuwa tunainua jiwe juu ya jiwe. Mmoja akamjibu kwamba wameijenga kubwa ili hata Wamasai wakija wapate mahali pa kukaa, mradi waache mikuki nje. Lemburis akasema mikuki sawa, lakini fimbo anaingia nayo.

Jiwe la katikati lilifungwa, na Kasiani akaenda Arusha kufuatilia mabati. Nami Jumapili ile nilitumwa Endamarariek kufundisha wakatekumeni, watu waliojiandaa kubatizwa. Niliporudi jioni kwa miguu, nilipita kwenye kiwanja changu kwanza. Milunda yangu yote ilikuwa pale, imepangwa vizuri juu ya majani makavu isiguse udongo. Nilisimama nikiishangaa. Furaha ilinijia kabla ya akili, nakiri hivyo. Niliiona nyumba imesimama, na Paskalina mlangoni. Halafu nikajiuliza, kama milunda iko hapa, nini kiko chini ya tao?

Nilikimbia. Jikoni kwa padre wanawake walikuwa bado wanaosha masufuria, wamejaa furaha, na walinisimulia kwa zamu. Baada ya misa Mzee Tluway alikuwa amefika kutoka Kansay na majirani zake, kila mtu na mlunda begani, mwingine ameutoa zizini, mwingine ghalani. Wakasema kijana hawezi kukosa nyumba kwa ajili ya vipande vya miti wakati watu wapo. Wakautoa mlunda wangu mmoja, wakaweka wa kwao mahali pake, wakautoa wa pili, hivyohivyo mpaka mwisho. Kwetu kazi kama hiyo hufanyika bila kumwambia anayesaidiwa, kwa sababu ukimwambia atakataa kwa adabu na muda utapotea. Walipomaliza wazee walisimama chini ya tao wakaomba slufay, ile sala yetu ya baraka ambayo mmoja hutamka na wengine humwitikia kwa mvumo kama nyuki. Mama mpishi alisema ilivuma kwenye mawe vizuri kuliko kwaya. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya hata kidogo, na ndicho kilichoniuma. Niliingia kanisani, nikawasha taa ya karabai, nikaona. Milunda waliyoweka ilikuwa imepinda, mingine mifupi imeongezewa vijiwe chini. Kiunzi kilikuwa kimeshuka kidogo, na karibu na jiwe la katikati, kwenye ubavu wa tao, palikuwa na ufa.

Nilimpelekea padre habari, naye akatuma ujumbe Arusha. Asubuhi niliirudisha milunda yangu kanisani. Sikuamriwa na mtu. Nilibeba mmoja mmoja, na katika ule wa mwisho nilimkuta Mzee Tluway njiani. Alikuwa ameshaambiwa. Aliushika mlunda kwa nyuma, tukaubeba pamoja mpaka ndani. Pale chini ya tao alivua kofia akatazama juu muda mrefu. Kisha akasema, "Nimeupasua mlango wa Mungu nikimtafutia binti yangu mlango. Tao hili likianguka, sitamtoa Paskalina aende kwenye nyumba ya miti hii. Sitaweza." Nilitaka kumjibu kwamba Mungu hahesabu hivyo, kwamba nimesoma chuoni jinsi asivyohesabu hivyo. Lakini alikuwa mzee mwenye hofu, na mimi kijana mwenye vyeti. Nilimwambia tu tungoje fundi.

Kasiani alifika, akapanda jukwaa, akapapasa ule ufa kwa ukucha. Aliposhuka watu walikuwa wamejaa, na nadhani walitegemea matusi. Alikalia karai lililopinduliwa, akaomba maji. Akasema tao halijafa. Limeshuka, na sasa linatafuta mahali pa kukaa. Kama limekwisha kupata mahali hapo, ufa utabaki hivyo hata kwa wajukuu. Kama bado linasogea, itabidi kulibomoa na kuanza upya. Hakuna macho ya mtu yanayoweza kuona tofauti hiyo, ila kuna njia. Hubandikwa kipande cha kioo juu ya ufa, kishikwe kwa saruji pande zote mbili. Kioo hakijui kuvumilia, ufa ukifunguka hata kidogo kitakatika. Tukiimarisha milunda na kioo kikavuka masika kikiwa kizima, tutaondoa kiunzi. Tatizo ni kwamba vioo vya madirisha vilikuwa havijafika, na kijiji kizima hakikuwa na kioo cha kukata.

Paskalina alikuwa amesimama nyuma ya baba yake. Alikuja mbele akiwa na kioo chake cha kujitazamia, chenye fremu ya bati, alichokinunua mnadani Karatu kwa ajili ya harusi na alichokuwa akitembea nacho kwenye kanga. Akampa fundi bila kunitazama. Kasiani alikipindua, akasema kinafaa kuliko cha dirisha, maana kikibandikwa uso nje kitang'aa, na mtu ataona kutoka chini kama mng'ao ni mmoja au umegawanyika. Lakini akamwonya kwamba atakikata. Paskalina akamwambia, "Kata nusu, fundi. Nusu niachie, nisije nikaolewa sijaona hata pua yangu." Watu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Hata baba yake alicheka, akageuka kujifuta macho.

Masika yale sitayasahau. Mvua ilinyesha kana kwamba inatafuta kitu ardhini. Njia ya Kansay ilikuwa tope jekundu mpaka magotini, na ukungu uliingia kanisani kupitia mahali ambapo mabati yalikuwa hayajafika, ukakaa katikati yetu wakati wa misa kama muumini. Padre alihubiri, na watu wakaitikia, lakini kila baada ya injili vichwa vyote viliinuka kidogo kutafuta ule mng'ao. Padre naye aliinua, nilimwona. Mzee Tluway alikuja mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kila mara na sababu, mara ameleta viazi kwa mpishi, mara anatafuta mbuzi aliyepotea. Lemburis alimwambia mbuzi huyo lazima ana mabawa, maana mzee anamtafuta darini tu. Mtu wa vitunguu alipita Kansay, na niliambiwa Mzee Tluway alimpokea vizuri, akamlisha, akamwambia jibu liko kwenye kioo, aende Rhotia akakiulize. Hatukumwona tena.

Nami nilijifunza kusali mwaka ule. Kabla ya hapo nilijua sala nyingi. Niliomba tao lisimame ili nioe, kisha nikaona haya, nikaomba lisimame kwa utukufu wa Mungu, kisha nikaona haya zaidi kwa sababu nilikuwa nadanganya. Mwishowe niliketi tu chini yake asubuhi kabla ya kazi nikalitazama, na nikagundua kwamba hilo nalo ni sala. Jiwe moja halikuwa linashikilia tao, wala milunda haikuwa ndiyo tao. Nilifikiria wale wajenzi wa picha za Kasiani, walioweka mawe ambayo hawakujua kama yatakaa. Sijui kama ni elimu au umri, lakini hofu yangu ilipungua kabla mvua haijapungua.

Jua liliporudi na matope yakaanza kupasuka, Kasiani alipanda. Tulisubiri. Akapitisha kidole juu ya kioo, akakipulizia, akakifuta kwa mkono wa shati, akashuka ngazi bila haraka kama mtu anayejua watu wanamtazama. Kilikuwa kizima. Alisema kesho tutaondoa kabari, vile vipande vya mbao vilivyobana kiunzi juu ya milunda.

Kwa mafundi wake kulikuwa na desturi. Anayejenga tao husimama chini yake wakati linapoachiwa. Kasiani alikwenda katikati, akavua kofia, akaniambia mimi nigonge kabari. Nilipoinua nyundo nilimwona Mzee Tluway akitoka kwenye kundi. Padre alimwita arudi. Hakurudi. Alikwenda akasimama bega kwa bega na fundi, akaniangalia. "Gonga, kijana," alisema. "Mikono yangu ndiyo iliyolishusha. Acha kichwa changu nacho kijue." Nilitazama upande wa wanawake. Paskalina alikuwa ameishika ile nusu ya kioo kifuani, uso wake umetulia, akanikubalia kwa kichwa. Nikagonga. Nikagonga ya pili, na ya tatu, nikizunguka, mpaka kiunzi kikalegea na kushuka na kuacha mwanya wa mwanga kati yake na mawe. Vumbi la chokaa liliwamwagikia wale wawili kichwani. Mlio mdogo ukapita kwenye mawe, kama mtu anayejigeuza kitandani, kisha kukawa kimya. Juu ya ufa mng'ao ulikuwa mmoja.

Mzee Tluway alijipangusa chokaa kwenye nyusi, akaja kunishika mkono. "Mwanangu," akasema, kwa mara ya kwanza, "beba miti yako. Masika mengine yasikukute." Safari hii walikuja wote, hata Lemburis na punda wake, na nyumba ilisimama kabla mahindi hayajakauka. Tulifunga ndoa chini ya lile tao, kati ya kuta zisizo na plasta na chini ya paa lililoezekwa nusu. Kasiani aliondoka kazi ilipokwisha, akaenda kujenga kwingine. Alifariki kwao miaka mingi baadaye, na kila siku ya marehemu wote jina lake nalitaja kwanza. Nusu ya kioo tumekaa nayo ukutani katika nyumba ile na ile iliyofuata. Ninapomkosea mke wangu, au tunapogombana kidogo kama watu, husimama mbele ya nusu hiyo akijifunga kitambaa na kusema, "Nirudishie nusu yangu, Mwalimu. Nimezeeka ninajiona upande mmoja." Nimemnunulia vioo vikubwa. Vyote amewapa binti zetu.

Mchana alifika, kikapu mkononi, makande bado ya moto. Binti mhandisi akamwamkia, akamweleza kwa heshima na kwa uwazi kwamba amelipima tao, limetulia kabisa, halisogei tena, kioo kile kimemaliza kazi yake. Wanaweza kukitoa kizima na kumkabidhi. Fundi wa rangi alikuwa tayari juu ya jukwaa, patasi mkononi, anangoja neno. Nilimtazama mke wangu. Hapo hatimaye palikuwa na deni lake lote la utani, linalipwa mbele ya mashahidi, na nilikuwa tayari kukipokea kicheko chake.

Paskalina aliinua uso. Akamwomba yule fundi kijana akifute kwanza. Kijana akakifuta, na kutoka mlango wa magharibi mwanga ukakigonga, ukang'aa mara moja, mzima.

"Kiacheni," alisema. "Mimi ile nusu imenitosha."

Tulikaa benchi moja, sahani ya makande katikati yetu, tukimtazama kijana akipaka rangi kukizunguka.